Mtoto Mgongoni: Mazungumzo kwa Mayaya wa Garissa



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo tunaloulizwa mara nyingi. Je, yaya ambebe mtoto mchanga wa tajiri wake kwa mbeleko, au kwa ule mfuko wa dukani wenye mikanda, au asimbebe kabisa? Wengine husema, mama zetu walitulea migongoni, basi hakuna la kuuliza. Wengine husema, mtoto si wako, mwache kitandani. Sisi twaona kila mmoja amesema nusu tu.

Kubeba kuna faida. Mtoto aliyebebwa hutulia, na yaya huhisi upesi kama ana homa. Hata madaktari wamekubali. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, walianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo imeenea duniani.

Lakini Garissa si Bogotá. Wale walitafuta joto. Hapa kwetu joto hupita digrii 35, na miili miwili iliyofungwa pamoja huzidisha moto. Basi mbebe asubuhi na jioni, na mchana mlaze kivulini penye upepo. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata wakati wa joto. Apewe maziwa ya mama mara nyingi zaidi.

Asiyeweza kushika shingo abebwe kifuani, ambapo wamwona uso. Pua na mdomo viwe wazi, na kidevu kisilale kifuani, kwa maana hapo pumzi huziba naye asilie. Miguu ipanuliwe, magoti yawe juu kidogo kuliko matako. Usiinyoshe na kuibana, nyonga zitaharibika. Wala usipike na mtoto mwilini: mafuta ya moto, chai na moshi wa jiko havina huruma.

Sasa tuje kwenye haki. Wapo matajiri wasemao, "Mfunge mgongoni, mikono yako iwe huru," kisha wakakuletea karai la nguo, vyombo na unga wa chapati. Hizo ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Mtoto wa miezi 6 aweza kufika kilo 7 au zaidi. Ukiinama naye juu ya karai kila siku, mgongo wako ndio utakaolipa. Na mtoto akianguka au akiungua, aliyetoa amri haulizwi. Yaya ndiye anayefukuzwa, pengine bila kulipwa siku alizofanya kazi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kwanza, patana na mama wa mtoto mapema, kwa adabu: "Mama, wapenda nimbebe? Kwa nguo gani, na saa ngapi?" Pili, mbeleko au mfuko ununuliwe na tajiri, kwa kuwa ni chombo cha kazi. Tatu, wakati mtoto yumo mwilini mwako, hiyo ndiyo kazi yako. Kufua na kupika vingoje.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yaandikwe. Basi mambo haya nayo yaandikwe humo. Sheria hiyo yakupa pia siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, yenye malipo. Mgongo uliochoka wahitaji siku hizo.

Ndugu zetu, yaya mmoja akisema peke yake huambiwa ana kiburi. Tukisema sote neno moja, kutoka mjini hadi vijiji vya kando ya mto Tana, litasikiwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Njoni mkutanoni, na kila mmoja amlete mwenzake. Mtoto awe salama, na anayembeba naye awe salama.