Bajeti Ikibana, Haki ya Matibabu Haifutiki



Agosti 2013, miezi michache baada ya serikali kutangaza huduma ya kujifungua bila malipo, mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya hapa Bungoma. Pamba na dawa alijinunulia. Kitanda hakupata, akajifungulia sakafuni. Alienda mahakamani. Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, na kwamba serikali ya kitaifa na ya kaunti hazikutenga rasilimali za kutosha kwa afya. Akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5.

Funzo ni hili: bajeti ikibana, haki haifutiki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura.

Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni kwa kupiga *147#. Aliyejisajili hutibiwa zahanati na kituo cha afya bila malipo. Serikali ndiyo hulipa. Kulazwa hospitali kubwa ndiko kunakohitaji mchango: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Vitanda na dawa huanzia kwenye bajeti. Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, kila mkazi afike na aulize: wodi ya akina mama imetengewa pesa ngapi?