Mnyama Kifungoni na Mnyama Porini
(Mazungumzo na viongozi walei wa Kamati za Haki na Amani)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza: Kamati ya Haki na Amani ina shughuli gani na wanyama? Je, hatuna kesi za mashamba, za wajane walionyang'anywa nyumba, za vijana walioko mahabusu? Tunazo. Hata hivyo naomba mnisikilize, kwa maana jinsi tunavyomtendea kiumbe asiye na msemaji hudhihirisha tulivyo.

Nilipokuwa mvulana, baba mdogo alikamata mtoto wa tumbili, akamfunga mnyororo kiunoni chini ya mwembe. Tulimlisha ndizi na ugali. Hakulala njaa hata siku moja. Lakini alilizunguka shina lile tangu asubuhi hadi jioni, mpaka majani yakaisha na udongo ukawa njia. Mwishowe akaanza kujing'oa manyoya ya mikono. Sisi watoto tulicheka, tukidhani anacheza.

Watu husema: "Mnyama wa kifungoni ana bahati. Analishwa, anatibiwa, hawindwi." Tuipime hoja hiyo kwa haki. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha utafiti uliolinganisha tembo wa bustani za wanyama za Ulaya na tembo wa Amboseli, nchini Kenya. Nusu ya tembo majike wa Afrika waliozaliwa katika bustani hizo hawakufikisha miaka 17. Amboseli, kwa wale waliokufa kifo cha kawaida, umri huo wa kati ulikuwa miaka 56. Hata walipohesabiwa waliouawa na binadamu, bado ulikuwa karibu miaka 36. Basi chakula na daktari peke yake havikutosha.

Sababu haiko mbali. Tembo jike huishi na mama yake, dada zake na watoto wao, wakiongozwa na bibi mzee anayekumbuka maji yalipo wakati wa ukame. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na kwa tembo ni hivyo pia. Ukimtenga na ukoo wake na kumnyima mwendo, umemwachia tumbo tu.

Nyuma ya kifungo, mara nyingi kuna biashara. Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga 4, walitoroshwa kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Katika biashara ya namna hii, kijana wa kijijini anayetega mtego hulipwa kidogo, naye ndiye wa kwanza kufungwa. Tajiri aliyemtuma hajulikani hata jina. Hapo mtaona kwamba kesi ya mnyama na kesi ya maskini huketi benchi moja.

Je, aliyefungwa aweza kurudi porini? Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakawekwa katika bustani na sarakasi za Ulaya. Hakuna aliyewafundisha, lakini walijifunza kutafuta matunda na kujitengenezea viota, wakazaa, na uzao wao uko kisiwani hadi leo. Tusifiche upande wa pili: madume wawili waliwashambulia watu, wakapigwa risasi. Kifungo kilikuwa kimewaondolea hofu ya binadamu.

Tusifiche na hili: wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi Rubondo walihamishwa ili kisiwa kiwe cha wanyama, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Uhuru wa sokwe ulilipiwa na nyumba za watu. Kanisa linafundisha kwamba si halali kumtesa mnyama bila sababu. Linafundisha vilevile kwamba si halali kumtukuza mnyama huku binadamu akisahauliwa. Anayedai pori kwa ajili ya tembo, adai pia haki ya mama ambaye shamba lake la mahindi limeliwa usiku mmoja.

Kwa hiyo naziomba kamati zetu mambo matatu. Kwanza, mnyamapori asifungwe nyumbani bila kibali, iwe kwa mchezo au kwa fahari. Akiokotwa, maofisa wa wanyamapori waarifiwe. Pili, zungumzeni na vijana kabla ya wafanyabiashara kufika. Tatu, mtu akiharibiwa mazao au kujeruhiwa, msaidieni kutoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji, ili afuatilie kifuta jasho au kifuta machozi kinachotajwa katika kanuni. Wengi hukosa kwa kutojua pa kuanzia.

Yule tumbili wetu alikufa kabla ya masika. Baba mdogo aliufungua mnyororo, akautundika mwembeni, akasema: "Hatutafunga tena." Hakuwa amesoma. Alitazama tu ile njia iliyozunguka mti, akaelewa.

Mungu awabariki.