Sanduku la Bastola, Nyumbani na Safarini
Mazungumzo kwa wazazi na walezi waishio Marekani



Katika nyumba nyingi za wahamiaji lipo kasha moja la kufungwa. Humo huwekwa pasipoti, dhahabu ya mama, fedha za mchezo na karatasi za uhamiaji, na ufunguo wake hujulikana na nyumba nzima. Baba anunuapo bastola, kwa kuwa huendesha teksi usiku au hulinda duka peke yake, huitia humo humo. Hapo ndipo kosa lianzapo. Kasha linalofunguliwa na watu watano kwa wiki si mahali pa silaha. Bastola hutakiwa iwe na sanduku lake. Chini ya godoro na juu ya kabati pasitajwe kabisa, kwani hakuna mtoto wa miaka sita asiyejua peremende hufichwa wapi.

Sanduku la kuchukulika huwa la bamba la chuma. Unene wake hutajwa kwa geji, na hesabu huenda kinyume: geji 16, yapata milimita 1.5, ni nene kuliko geji 18. Mnunuzi atazame bawaba na ukingo wa kifuniko. Penye nafasi ya bisibisi pana nafasi ya mwizi. Waya wa chuma unaouzwa pamoja nalo hufungwa kwenye chuma cha kitanda au cha kiti cha gari. Waya huo humchelewesha mwenye haraka, humzuii mwenye mkasi wa kukatia chuma, na kwa hiyo sanduku lisilazwe garini.

Kufuli ndilo la kufikiriwa zaidi. La ufunguo halihitaji betri, ila ufunguo wake huishia kwenye bakuli la mlangoni. La namba hutoka kiwandani na namba inayojulikana na kila mtu. Ibadilishwe siku ile ile, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto. La alama za vidole hupendwa kwa wepesi wake. Lakini mwezi Oktoba 2023 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurejeshwa kwa sefu zipatazo 61,000 za aina hiyo, kwa kuwa ziliweza kufunguka kwa kidole kisichosajiliwa. Basi sanduku lijaribiwe likiwa tupu: mtu mzima mwingine abonyeze vidole vyake vyote, kisha litikiswe na kugongwa sakafuni. Likifunguka, lirudishwe dukani.

Madaktari wa watoto hushauri bastola itolewe risasi, ifungwe, na risasi zifungiwe mahali pengine. Shauri hili haliwahusu wadogo peke yao. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi nchini Marekani hujiua wenyewe, na saa ya dhiki mara nyingi ni fupi. Nyumbani akiwapo kijana aliyenyamaza na kujitenga, namba ya siri ibadilishwe bila kuchelewa. Bora zaidi bastola iondoke nyumbani kwa muda, kwa njia inayoruhusiwa na sheria ya jimbo. Simu 988 hupokewa usiku na mchana.

Msafiri wa ndege haruhusiwi kuingia na bastola ndani ya ndege. Huitoa risasi, huifungia katika sanduku gumu lisiloweza kupenyezwa mkono, huitangaza kwenye kaunta ya shirika la ndege kila safari, na huipeleka pamoja na mizigo ya chini. Ufunguo hubaki kwake. Kasha la plastiki lililotoka dukani na bastola huenda lisikubaliwe. Kwa gari, sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, nazo husomwa kabla ya kuondoka. Kijaluba cha mbele ya kiti, hata kikiwa na kufuli, hakihesabiwi kuwa sanduku katika sheria ya shirikisho ya kuvuka majimbo.

Anayekwenda kuzuru jamaa Mombasa au Dar es Salaam aiache silaha imefungwa nyumbani, na ufunguo asafiri nao, hasa ikiwa wageni watalala humo. Asiyemudu sanduku kwa sasa aulize kituo cha polisi au ofisi ya afya ya mtaani kwake, maana nyingi hugawa bure kufuli za waya zinazopitishwa ndani ya bastola iliyotolewa risasi.