"Sina Kichwa cha Shule": Mazungumzo na Wazazi, Walimu na Wanafunzi wa Rubavu



Kila siku maelfu ya watu huvuka Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma. Miongoni mwao, na zaidi katika njia za panya, hukutwa watoto waliobeba mizigo saa ambayo wenzao wako darasani. Wakiulizwa kwa nini waliacha masomo, wengi hutaja umaskini, lakini wako wanaojibu kwa sauti ya chini: "Mimi sina kichwa cha shule."

Jibu hilo hutuhuzunisha, kwani si kweli. Mtoto huyo huyo hupiga hesabu ya faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola bila karatasi, tena huongea Kinyarwanda na Kiswahili bila kukwama. Alichopoteza si akili, bali imani kwamba akili hukua kwa kutumiwa.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo upesi walipopewa maswali magumu. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Anayeamini akili ni ya kuzaliwa tu huliona kosa kuwa hukumu. Anayeamini hunolewa huliona kuwa somo.

Hatudai kwamba imani hununua daftari, sare au chakula cha mchana. Lakini mtoto aliyekwisha kujikatia tamaa, hata akipewa vyote hivyo, hakai darasani. Na mfanya magendo humpata kwa urahisi yule aliyeambiwa nyumbani kwamba hafai.

Basi tunawaomba haya. Mzazi, usimwite mwanao mjinga. Muulize amekosea wapi na atajaribu njia gani nyingine. Mwalimu, mrudishie mwanafunzi karatasi yake pamoja na nafasi ya kusahihisha. Nanyi wanafunzi, badala ya "siwezi", semeni "bado sijaweza". Na yeyote amjuaye mtoto anayetumikishwa mpakani, atuarifu au apige simu namba 116.

Ulinzi wa mpaka hauanzii kwenye kizuizi. Huanzia kwenye neno analoambiwa mtoto jioni, anaporudi na daftari lenye alama mbaya.