Kupima Usalama wa Mitungi Mikuukuu ya Alumini ya Kuzamia

1. Utangulizi

Mtungi wa kuzamia hubeba hewa iliyoshindiliwa. Mtungi wa alumini ulioenea zaidi hujazwa hadi paundi 3,000 kwa inchi ya mraba. Kwa kanuni za Marekani, ambako mingi ilitengenezwa, hupimwa kwa maji kila baada ya miaka mitano, na wazamiaji wamezoea kuukagua ndani na nje kila mwaka. Hayo yanafahamika.

2. Nyufa za shingoni

Kisichozingatiwa ipasavyo ni aloi. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya Luxfer nchini Marekani ilitumia aloi 6351, hadi ilipohamia 6061 kufikia katikati ya 1988. Walter Kidde nayo ilitumia 6351. Catalina haikuitumia kamwe. Aloi hiyo huweza kupasuka polepole inapokaa muda mrefu chini ya mzigo. Ufa huanzia ndani ya shingo, hukata hesi moja baada ya nyingine, na hukua hata mtungi ukiwa umehifadhiwa tu, mradi umejaa. Mara nyingi hewa huvuja kwanza; mara chache mtungi hulipuka, hasa unapojazwa, na anayeumia ni mjazaji.

Pamoja na hayo, mitungi hii bado inauzwa kwa hoja moja: muhuri wa kipimo cha maji ni wa karibuni. Hoja hiyo haitoshi. Kipimo hicho hupandisha shinikizo hadi paundi 5,000 na kupima jinsi mwili wa mtungi unavyotanuka. Ukibaki umetanuka zaidi ya asilimia 10 ya mtanuko wote, hukataliwa. Ufa mdogo wa shingoni haubadilishi mtanuko huo, hivyo mtungi mbovu huweza kufaulu. Alama ya 3AL, yaani ya kiwango cha Marekani cha mitungi ya alumini, nayo haitofautishi aloi, kwa kuwa imegongwa kwenye mitungi ya aina zote mbili.

Ufa hutafutwa kwa taa na kioo kidogo, pamoja na kifaa cha umeme kinachopitishwa kwenye hesi, ambacho kanuni za Marekani zinakitaka kwa mitungi ya 6351. Kifaa hiki kinaweza kudanganywa na mkwaruzo wa kiwandani, kwa hiyo jicho la mkaguzi mzoefu bado linahitajika.

3. Mapendekezo

(i) Mtengenezaji na tarehe ya kwanza ya kutengenezwa visomwe kabla ya bei kujadiliwa.

(ii) Mtungi ambao aloi yake haijulikani uchukuliwe kuwa wa 6351.

(iii) Muhuri wa kipimo cha maji usikubaliwe peke yake kuwa uthibitisho wa usalama.

(iv) Valvu ifunguliwe na hesi zikaguliwe kwa macho na kwa kifaa kila mwaka.

(v) Mtungi wa 6351 usihifadhiwe ukiwa umejaa.

(vi) Mtungi uliopata joto la zaidi ya nyuzi 177 za Selsiasi, kwa moto au kwa kukaushia rangi kwenye tanuri, uondolewe kazini.

(vii) Mjazaji awe na haki ya kukataa mtungi wowote anaoutilia shaka, hata kama muhuri ni mpya.

(viii) Mtungi uliokataliwa utobolewe au ukatwe, usirudi sokoni.

(ix) Vituo vya kuzamia vinavyonunua mitungi iliyotumika, vikiwamo vya pwani ya Afrika Mashariki, vidai taarifa ya ukaguzi wa shingo kwa maandishi. Muhuri wa maji, kama ilivyoelezwa, si badala yake.