Mti wa Barabarani ni wa Nani?



Anayepanda daladala Dar es Salaam hutaja miti bila kujua. Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni, Mikocheni. Hata Barabara ya Samora, Wajerumani waliiita kwa jina la migunga, na Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Wazee wetu walielekezana kwa miti kwa sababu mti ulikuwa haukosekani pale ulipoachwa jana. Leo majina yanaishi kuliko miti yenyewe.

Mtaani kwangu palikuwa na mwarobaini. Chini yake mama lishe alipika, bodaboda wakaegesha, wazee wakacheza bao. Asubuhi moja wakaja vijana na msumeno wa mnyororo. Mwenyekiti wa mtaa akaomba kuona kibali, hakikuwapo. Mmoja akasema wametumwa na watu wa barabara, mwingine akasema ni watu wa umeme. Kufikia adhuhuri palibaki kisiki. Mpaka leo sijajua ni nani aliyetoa amri ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kisiki chenyewe.

Mti uliopo kwenye hifadhi ya barabara una mabwana wengi: mwenye barabara, mwenye nguzo, mwenye bomba la maji, halmashauri, na mkazi anayeumwagilia. Wote wanne wa mwanzo wanaweza kuukata. Wa tano, aliyeukuza, haulizwi.

Dawa ya jambo hili tunayo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni, madiwani huipitisha, Waziri huiridhia, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Njia ni ndefu, lakini iko wazi. Tatizo ni tunachokiandika humo. Tunahesabu miche. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na taarifa hujaa idadi ya iliyopandwa. Iliyo hai baada ya kiangazi cha pili ni mingapi? Hiyo ndiyo hesabu ninayoitaka.

Tazameni kalenda. Siku ya Kupanda Miti Kitaifa ni tarehe 1 Aprili. Kwa Dar es Salaam na Tanga ni sawa, masika yamefika. Lakini Dodoma mvua huanza Desemba, na Aprili ndiyo inaaga. Mche unaochimbiwa shimo siku ile hupata wiki chache za unyevu, kisha hukabidhiwa jua na mbuzi mpaka mwisho wa mwaka. Mche huo haukuuawa na ukame. Uliuawa na tarehe. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni za miti zitungwe karibu na mti, na watu wanaoijua mvua ya kwao.

Jirani zetu wametupa funzo jingine. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way ulitakiwa kuondolewa. Watu wakapaza sauti, na mti ukaokolewa kwa tamko la Rais. Nilifurahi. Lakini mti wa mtaa ukihitaji Ikulu ili usimame, basi miti mingine yote haina mtetezi.

Kwa hiyo naomba sheria ndogo ya ukurasa mmoja. Kila mti wa umma uwe na namba na mlezi anayejulikana. Asikate mtu, awe wa umeme au wa barabara, bila kibali kilichobandikwa ofisi ya mtaa siku 14 kabla. Kupogoa kufanywe na aliyefundishwa, maana mti unaokatwa kichwa huoza kuanzia kwenye jeraha na baadaye huangusha matawi juu ya watu. Faini iende kununua maji na vizimba vya miche, isipotelee kwenye mfuko mkuu.

Wanafunzi wa sheria mlioko hapa, rasimu hiyo mnaweza kuiandika mkimaliza mitihani. Ipelekeni kwa madiwani wa kata mnazokaa, kabla mvua za vuli hazijaanza.