Kipi Kitangulie? Mahitaji ya Wanachama na Programu ya Kompyuta

Mazungumzo na makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Mkoa wa Singida



Nimeombwa nizungumze juu ya programu za kompyuta zinazoingia katika vyama vyetu. Mashine zenyewe nitaziacha kando. Haja yangu ni orodha ya mambo tunayotaka programu itufanyie, na utaratibu wa kuamua lipi litengenezwe kwanza na lipi lingoje. Chama chaweza kupata mafundi hodari na bado kikala hasara, kwa sababu tu kilishindwa kuipanga orodha hiyo.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, hotuba yake iliitwa "Kupanga ni Kuchagua". Jina hilo linatufaa leo. Fedha za chama ni chache, siku za kazi za fundi zina hesabu, na msimu wa alizeti haumngoji mtu. Tukitaka yote kwa mara moja, siku ya kupima mazao itatukuta hatuna hata moja lililokamilika.

Tunao mfano kwa jirani zetu. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza kuijaribu M-Pesa. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakati wa majaribio, waanzilishi waliona kwamba watu walikuwa wakiitumia huduma ile kwa jambo jingine: kupelekeana fedha wao kwa wao. Basi mambo ya mikopo yakawekwa kando, na huduma ikafunguliwa kwa umma mwezi Machi 2007 ikiwa na kazi moja kubwa, yaani kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikafika Tanzania kwa njia ya Vodacom. Mengine yaliongezwa baadaye. Funzo lake ni kwamba mtumiaji ndiye aliyeonyesha kipi kitangulie, na wenye huduma wakakubali kukiacha walichokuwa wamekikusudia.

Mafundi wa programu nao wamejifunza hivyo. Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko la kupendelea kazi ya hatua fupi, inayoonyeshwa kwa mtumiaji mara kwa mara, na iliyo tayari kubadilika. Kwetu sisi, maana yake ni kwamba fundi asipotee mwaka mzima kisha aje na kitu tusichokitambua. Kila baada ya wiki mbili au tatu atuonyeshe kilichokamilika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe.

Kwanza, ombi liandikwe vizuri. Kabla ya kuandika, yafaa tuangalie kama jambo lenyewe halimo tayari katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama. Hakuna faida ya kulipia kitu mara mbili. Kisha ombi liseme nani anahitaji, anahitaji nini, na kwa ajili gani. Kusema "programu iwe ya kisasa" si ombi. Ombi ni hili: "Mimi mkulima niletaye alizeti ghalani nataka nipewe papo hapo stakabadhi yenye kilo na tarehe, ili nikidai malipo yangu nisitegemee kumbukumbu ya karani." Chini yake tuandike jinsi tutakavyojua kwamba limetimia: karani azime mtandao, apime magunia matatu, na stakabadhi tatu zitoke, mtandao ukirudi, kilo zile zile zionekane katika leja, wala zisiandikwe mara mbili. Ombi la namna hiyo fundi hawezi kulikwepa, wala katibu hawezi kulibadili maana.

Pili, maombi yapangwe. Ipo njia iliyobuniwa na Dai Clegg mwaka 1994, ya kuyagawa maombi katika mafungu manne: ya lazima, ya muhimu, yanayofaa nafasi ikiwapo, na yasiyo ya safari hii. Ili kujua fungu la kila ombi, tujiulize: Likikosekana, kazi ya mizani itasimama? Litawafaa wanachama wangapi? Lipo jambo jingine linalolitegemea? Litachukua siku ngapi za fundi?

Tuchukue mfano. Tuseme chama kina fedha za siku 40 za kazi. Daftari la wanachama litachukua siku 8, upimaji na stakabadhi siku 15, malipo na makato siku 12, ujumbe wa simu kwa mkulima siku 5, bei za masoko ya mbali siku 10, na picha za viongozi siku 6. Jumla ni siku 56. Kwa hiyo siku 16 hazipo. Daftari hutangulia, maana stakabadhi isiyo na jina sahihi haina thamani, na ujumbe wa simu hauwezi kumfikia mtu ambaye namba yake imekosewa. Hufuata mizani, kisha malipo, kisha ujumbe. Siku 40 zimekwisha. Bei na picha zitangoja. Na kwa kuwa daftari lina majina na namba za watu, ulinzi wake uwe sehemu ya lazima, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tatu, nani aamue? Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mara nyingi ombi la mwenye sauti hupanda juu, na la mkulima wa Mkalama au Ikungi aliyeibiwa kilo kwa lumbesa hushuka chini. Matokeo yake ni programu inayompendeza meneja kwa taarifa za kupendeza, huku mwanachama akiendelea kubishana na karani penye mizani. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mamlaka ya juu ya chama ni mkutano mkuu. Basi mkutano mkuu useme shabaha na fedha. Mtu mmoja akabidhiwe kuitunza orodha. Na orodha ibandikwe ukutani ghalani, kila mtu aione. Mtu yeyote, hata akiwa mwenyekiti, akitaka kuongeza jambo la siku 6, ataje hadharani siku 6 zitakazoondolewa, na katika ombi la nani. Kanuni hiyo moja itazuia mengi.

Nashauri pia kwamba mizani ikishafunguliwa msimuni, fundi asiongeze jambo jipya. Arekebishe makosa tu, hadi gunia la mwisho lilipwe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kila chama kirudi nyumbani, kiwasikilize wanachama penye mizani na si ofisini tu, kisha kilete maombi matano yaliyopangwa kwa mfuatano, kila moja likiwa na sababu yake. Chama kikuu kitakapoyakusanya, kitakuwa na jambo la kumwambia fundi.